Sauti Zilizosubiri: The Spinners wa Detroit

Hotuba hii niliitoa Jumamosi jioni jijini Dar es Salaam, mbele ya wanakwaya, wapiga muziki na wapenzi wa santuri za zamani. Ninaiweka hapa yote kwa ajili ya wale waliotuma udhuru.

Mheshimiwa mwenyekiti, wazee wangu, shikamooni. Walimu wenzangu wa kwaya, kina mama na kina baba, nanyi vijana mliojaa pale nyuma karibu na mlango, nawasalimu nyote kwa heshima.

Nilipoombwa kuzungumzia kundi moja la waimbaji wa soul, muziki wa Wamarekani Weusi, wa miaka ya 1960 na 1970, wengi walinidokeza majina waliyotarajia: The Temptations, The Supremes, The Four Tops. Ni majina makubwa na ninayaheshimu. Hata hivyo, nimechagua The Spinners, na ninataka kuwaeleza sababu kabla sijafika mbali.

Miezi michache iliyopita, kijana mmoja wa kwaya ninayoifundisha alinifuata baada ya mazoezi. Ni kijana mwenye sauti nzuri ya teno, anayefika kwa wakati na kujua nyimbo zote. Akaniambia, “Mwalimu, huu ni mwaka wa nne naitikia. Lini nitaimbishwa mbele?” Nilijaribu kumjibu palepale, lakini jibu langu halikuniridhisha hata mimi mwenyewe. Usiku ule nikafungua sanduku la santuri alizoniachia marehemu baba yangu, nikatoa sahani moja ya The Spinners, nikaisikiliza mara tatu. Hotuba ya leo ni jibu ambalo nilipaswa kumpa kijana yule, naye yupo hapa ukumbini. Kwa hiyo nitawaomba radhi mnisikie nikizungumza kama mtu anayemjibu mmoja huku wengi wakisikiliza.

Ndugu zangu, tuanze mwaka 1954. Huko Ferndale, mji mdogo unaopakana na Detroit katika jimbo la Michigan nchini Marekani, vijana wa shule walianza kuimba pamoja wakijiita The Domingoes. Miongoni mwao walikuwemo Billy Henderson, teno. Henry Fambrough, baritoni. Na Pervis Jackson, ambaye sauti yake ya besi ilikuwa nzito kama ngoma kubwa inayopigwa taratibu. Haukupita muda, mmoja akaondoka na nafasi yake ikachukuliwa na Bobbie Smith, teno mwenye sauti laini isiyosukumwa kwa nguvu. Shikeni majina hayo manne: Henderson, Fambrough, Jackson na Smith. Mtayasikia tena na tena, kwa sababu watu hao wanne walikaa pamoja kwa miaka mingi kuliko ndoa nyingi zinavyodumu.

Jina la The Spinners lilikuja mwaka 1961, na lilitokana na vile vifuniko vya magurudumu vilivyong'aa kwenye magari ya Cadillac. Detroit ulikuwa mji wa viwanda vya magari, na kwa kijana wa mji ule hapakuwa na pambo lililozidi gari linalometameta likipita barabarani. Mwaka huohuo walirekodi wimbo wao wa kwanza uliosikika kote, “That's What Girls Are Made For”, chini ya kampuni ndogo ya Tri-Phi iliyoanzishwa na Harvey Fuqua na Gwen Gordy. Wimbo ulifika nafasi ya 27 kwenye chati kuu ya Marekani na kuingia kwenye tano bora za chati ya muziki wa Wamarekani Weusi. Vijana wakaamini kwamba mlango umefunguka.

Je, ulifunguka? Ulifunguka, lakini ulikuwa mlango wa nyuma. Gwen alikuwa dada yake Berry Gordy, mwenye kampuni ya Motown, na miaka miwili hivi baadaye Tri-Phi ikamezwa na Motown pamoja na wasanii wake. Kwa hiyo The Spinners wakajikuta ndani ya Hitsville, nyumba ya Motown iliyokuwa barabara ya West Grand Boulevard, pamoja na The Miracles, The Temptations, The Four Tops, The Supremes, Marvin Gaye na kijana kipofu aliyeitwa Stevie Wonder. Fikirini foleni hiyo! Kila wimbo mzuri uliotoka mezani kwa watunzi ulikuwa na watu kumi wanaousubiri, na The Spinners walikuwa mkiani.

Mwaka 1965 walipata wimbo uliosikika kidogo, “I'll Always Love You”, kisha kimya kikarudi. Wakati huo wote kampuni iliwapa kazi nyingine. Waliendesha magari ya wakubwa, wakasimamia safari za wasanii wenzao, wakafungasha santuri za watu wengine ili zipelekwe madukani. Naomba mlitafakari hilo kwa utulivu. Mtu anaamka asubuhi akiwa mwimbaji, ana mkataba wa uimbaji, na kazi yake ya siku ni kuweka sauti ya mwenzake ndani ya boksi na kuandika anwani juu yake.

Wewe ungekaa? Mimi, nikisema kweli yangu, sijui kama ningevumilia mwaka mmoja. Wao walikaa karibu muongo mzima.

Lakini walisubiri wakiimba, na hapo ndipo ninapotaka kijana wangu asikie vizuri. Hawakuwahi kuacha mazoezi. Cholly Atkins, yule mwalimu mkuu wa miondoko ya jukwaani aliyewafundisha wasanii wa Motown jinsi ya kugeuka, kusogea na kunyoosha mkono kwa pamoja, aliwafundisha na wao pia. Walizunguka kwenye kumbi, wakafungua maonyesho ya wengine, wakajifunza kupanga sauti zao mpaka wanne walipovuta pumzi, pumzi ilikuwa moja. Kundi lililokuwa mkiani kwenye foleni ya nyimbo lilikuwa miongoni mwa makundi yaliyokamilika zaidi jukwaani.

Mwaka 1970, Stevie Wonder, ambaye alikuwa na umri wa miaka 20 tu, aliwapa wimbo alioutunga pamoja na Syreeta Wright na Lee Garrett. Uliitwa “It's a Shame”. Aliyeuongoza ni G.C. Cameron, mwimbaji aliyekuwa amejiunga nao miaka michache kabla. Ukisikiliza namna anavyopanda kutoka sauti ya kifua hadi sauti ya juu kabisa kuelekea mwisho, huku wenzake wakimshika chini kama mikono inayozuia ngazi isiteleze, utaelewa kwamba kazi ile ilikuwa imeiva zamani. Wimbo ulifika nafasi ya 14. Na bado, ndugu zangu, ulitolewa kupitia V.I.P., tawi dogo la Motown. Hata siku ya ushindi walipewa chumba cha pembeni.

Mkataba wao ulipokwisha, Aretha Franklin, ambaye naye alikulia Detroit, aliwashauri wahamie Atlantic, kampuni aliyokuwa akirekodi yeye. Walikubali. G.C. Cameron akachagua kubaki Motown, na nafasi yake ikachukuliwa na Philippé Wynne, mzaliwa wa Cincinnati. Kwa hiyo walianza upya mwaka 1972: kampuni mpya, mwimbaji mpya, na miaka 18 mgongoni.

Sasa niwapeleke Philadelphia, kwa sababu huko ndiko kulikotokea jambo ambalo kila mwalimu wa kwaya anapaswa kulisoma.

Palikuwa na mtu aliyeitwa Thom Bell. Alizaliwa Kingston, Jamaika, akakulia Philadelphia, na alifunzwa piano ya muziki wa kiklasiki tangu utotoni. Alikuwa ameshatengeneza nyimbo za The Delfonics na The Stylistics, nyimbo zenye zeze nyingi na baragumu laini, zilizopangwa kwa uangalifu kiasi kwamba hakuna ala inayomkanyaga mwenzake. Atlantic ilipomwonyesha orodha ya wasanii wake ili achague atakayefanya naye kazi, aliwachagua The Spinners. Kati ya majina yote aliyoonyeshwa, alichagua kundi ambalo wengi walilichukulia kuwa limeshapitwa na wakati.

Bell alifanya nini? Hakumtafuta nyota mmoja akawageuza wengine kuwa pambo lake. Alikaa nao kwenye piano, akasikiliza kila sauti, akaipa kila sauti kazi inayoifaa. Alisikia kwamba Bobbie Smith ana sauti ya mtu anayekueleza jambo akiwa ameketi karibu nawe, bila kupaza. Akasikia kwamba Philippé Wynne ana sauti ya mhubiri, sauti inayotunga maneno papo hapo na isiyotaka kumaliza. Akasikia baritoni ya Fambrough na besi ya Jackson. Basi akaandika nyimbo ambazo ndani yake watu hao wanapokezana kama wazee kwenye baraza, mmoja akitulia, mwingine anaendeleza.

Matunda ya kwanza yalirekodiwa katika studio ya Sigma Sound ya fundi Joe Tarsia, na wapigaji waliokuwa pale walikuwa hodari kweli: Earl Young kwenye ngoma, Norman Harris na Bobby Eli kwenye magitaa, na wengineo. Santuri ndogo ya kwanza iliyotoka ilikuwa na upande wa kwanza “How Could I Let You Get Away”, ulioongozwa na Wynne. Huo ndio wimbo ambao kampuni iliutegemea. Upande wa pili, ule wa kujaza nafasi, waliweka wimbo ambao Bell aliutunga na Phil Hurtt, ukiongozwa na Bobbie Smith. Uliitwa “I'll Be Around”.

Mnajua kilichotokea? Watangazaji wa redio waliigeuza sahani. Waliigeuza mmoja baada ya mwingine, mji kwa mji, mpaka kampuni ikalazimika kukubali kwamba wimbo wenyewe ulikuwa upande wa pili. “I'll Be Around” ulishika namba 1 kwenye chati ya muziki wa Wamarekani Weusi na namba 3 kwenye chati kuu, ukauza zaidi ya nakala milioni moja. Na maneno yake, wazee wangu, yanasema nini? Yanasema habari za mtu anayeachwa, anayekubali kuachwa bila kumtukana mwenzake, na kumwambia kwamba akihitajiwa, yupo. Bobbie Smith alikuwa katika kundi lile tangu miaka ya 1950. Aliongoza, akasogezwa pembeni waje waongozaji wengine, akaitikia, hakuondoka. Ninapomsikia akiuimba wimbo ule sioni kama anaigiza.

Kuna kosa moja ambalo wapenzi wengi wa muziki huu wamelifanya, na hata mimi nililifanya kwa miaka. Watu huamini kwamba nyimbo zote kubwa za The Spinners ziliongozwa na Wynne, kwa sababu Wynne ndiye aliyevuta macho jukwaani, mwenye miwani, asiyetulia mahali pamoja. Sauti ya Smith imepewa jina la Wynne mara nyingi mno. Nawaomba mkirudi nyumbani msikilize “Could It Be I'm Falling in Love”, uliotoka mwishoni mwa 1972. Anayeanza ni Smith. Anausimulia wimbo kwa upole, beti kwa beti, kama mtu anayejaribu maji kwa kidole kabla ya kuingia. Kisha karibu na mwisho Wynne anaingia, na ghafla yaleyale yaliyokuwa yanasemwa kwa wasiwasi yanatangazwa kwa furaha. Mmoja angeweza kuuimba wimbo wote. Lakini ungekosa hatua ile ya kutoka katika shaka kwenda katika yakini, hatua inayosikika kwa sababu tu sauti imebadilika.

Walimu wenzangu, ni mara ngapi tumempa mtu mmoja wimbo mzima kwa sababu tu ana sauti nzuri, bila kujiuliza kama wimbo wenyewe unahitaji sauti mbili?

Nitawapa mfano mwingine, huu wa besi, kwa sababu watu wa sauti ya nne hudhani hakuna anayewasikia. Mwaka 1975 The Spinners walitoa wimbo uliojulikana kwa jina la “Games People Play”. Ndani yake kuna mahali ambapo muziki unampisha Pervis Jackson peke yake, naye anashuka chini kabisa na kutaja saa, 12:45, ambayo kwetu ni saa saba kasorobo. Ni maneno machache tu. Lakini tangu siku hiyo, kila walikokwenda, watu walisubiri maneno hayo, na Jackson akapewa jina la utani la Bwana 12:45, akalibeba mpaka alipofariki mwaka 2008. Aliitikia kwa zaidi ya miaka 50, na akaacha alama isiyofutika kwa kutaja saa. Nimeona watu wa sauti ya nne pale kushoto wanatabasamu. Tabasamuni, ni haki yenu.

Sitapitia nyimbo zote. Muda hautoshi, na nyingine zinajieleza. Ninataja tu “Ghetto Child” wa 1973, kisha “Mighty Love” wa 1974, ambamo Wynne anaachiwa nafasi ndefu mwishoni atambe anavyotaka huku wenzake wakirudia kiitikio bila kuchoka, tena na tena, wakijua kwamba wakilegea wao, yeye ataanguka. Jaribuni siku moja kuwasikiliza wale wanaorudia badala ya yule anayetamba.

Nisiache “Sadie”. Wimbo huo umo katika albamu ya mwaka 1974, na ni wimbo wa mtoto anayemkumbuka mama aliyefariki, mama aliyelea watoto katika ufukara na kuwafundisha upendo. Wynne ndiye anayeongoza. Baba yangu alikuwa akiuweka siku za Jumapili, na sisi watoto, ambao Kiingereza chetu kilikuwa cha kubabaisha, tulielewa kwamba ni wimbo wa mama kwa sababu mama yetu alikuwa akiacha alichokuwa akifanya na kukaa. Sina uchambuzi wa wimbo huo. Ninaushukuru tu.

Nikirudi kwa Thom Bell, kuna kisa kimoja kinachonifurahisha sana. The Spinners walifanya ziara na Dionne Warwick, mwimbaji aliyekuwa na jina kubwa tangu miaka ya 1960, na Bell akaamua kuwaunganisha katika wimbo mmoja, “Then Came You”. Walipomaliza kurekodi, Bell aliona usoni mwa Warwick kwamba wimbo haukumpendeza. Basi akatoa noti ya dola moja, akaichana vipande viwili, wakatia saini, kila mmoja akabaki na cha mwenzake: wimbo ukishindwa kufika namba 1, Bell atarudisha kipande chake, ukifika, Warwick atarudisha chake. Mwezi Oktoba 1974 ulifika namba 1 kwenye chati kuu ya Marekani. Ulikuwa wimbo wa kwanza wa The Spinners kufika hapo, na, jambo ambalo wengi hawalitarajii, ulikuwa wa kwanza kwa Dionne Warwick vilevile. Warwick alimpelekea Bell kipande chake cha noti, na juu yake alikuwa ameandika maneno ya kuomba radhi.

Sikilizeni pia wimbo ule unavyoongozwa. Dionne Warwick ni mgeni wa heshima, na anayempokea mlangoni ni Bobbie Smith, kwa upole. Wynne anaachwa mpaka mwisho. Bell alijua kwamba mgeni hapokelewi kwa kelele.

Wazee wangu, mwezi mmoja tu kabla ya wimbo huo kufika kileleni, The Spinners walikuwa Kinshasa. Nataka vijana walijue hili, kwa sababu tumezoea kudhani kwamba muziki ule ulitufikia kwa santuri na redio peke yake. Pambano la ngumi kati ya Muhammad Ali na George Foreman lilikuwa limepangwa kufanyika Zaire, nchi ambayo leo ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, tarehe 25 Septemba 1974, na Hugh Masekela, mpiga tarumbeta wa Afrika Kusini, pamoja na mtayarishaji wa muziki Stewart Levine waliandaa tamasha la siku tatu la kulitangulia. Foreman akachanika juu ya jicho akiwa mazoezini, pambano likasogezwa hadi tarehe 30 Oktoba. Tamasha halikusogezwa. Kuanzia tarehe 22 hadi 24 Septemba, jukwaa moja liliwabeba James Brown, B.B. King, Bill Withers, Celia Cruz na Fania All Stars, Miriam Makeba, Franco na TPOK Jazz, Tabu Ley Rochereau, na wale vijana wa Ferndale.

Sisi tuliolelewa na muziki wa Kongo tunajua kusikiliza mambo haya. Katika TPOK Jazz, Franco ndiye jina lililo kwenye jalada, lakini nani asiyejua kwamba utamu unatoka kwa waimbaji wawili watatu wanaoimba sambamba mpaka huwezi kumtenga mmoja? Nani asiyejua kusubiri sebene? Ninapowaza The Spinners wakiimba “One of a Kind (Love Affair)” mbele ya umati wa Kinshasa, siwaoni kama wageni. Mtindo wa kumwachia mmoja atambe na wengine wamshikilie ulikuwa umerudi kwa watu wanaoujua tangu zamani.

Sasa nifike mahali pagumu. Mwaka 1976 walitoa “The Rubberband Man”, wimbo ambao Bell na mtunzi mwenzake Linda Creed waliutunga kwa ajili ya mtoto wa Bell, aliyekuwa akitaniwa na wenzake shuleni kwa unene wake. Baba alitaka mwanawe ajivunie mwili wake, basi akamtungia wimbo wa mtu mnene ambaye akiingia ukumbini kila mtu anasimama kumwangalia akicheza. Ulifika namba 2. Wynne aliuimba kwa uchangamfu usio na kifani, na baada ya hapo, mwanzoni mwa 1977, akaondoka kundini atafute njia yake mwenyewe.

Simlaumu. Mtu mwenye kipaji kama kile ana haki ya kutaka jina lake liandikwe peke yake. Aliimba na watu wa George Clinton, kiongozi wa kundi la Funkadelic, na sauti yake imo katika “(Not Just) Knee Deep” ya Funkadelic ya mwaka 1979, akitamba vilevile alivyozoea. Lakini mafanikio aliyokuwa nayo na The Spinners hakuyapata tena. Mwezi Julai 1984, akiwa na umri wa miaka 43, moyo wake ulisimama alipokuwa akitumbuiza Oakland, California. Alifia kazini, jukwaani, mahali alipopapenda kuliko pote. Naomba tumkumbuke kwa ukimya wa nusu dakika.

Ahsanteni.

Je, kundi lilikufa alipoondoka? Watu wengi walidhani hivyo. Wanne wale walimchukua John Edwards, aliyewahi kumshikia Wynne nafasi siku alipougua. Miaka miwili mitatu ilikuwa migumu, na Thom Bell naye akaenda zake. Kisha, wakiwa na mtayarishaji mwingine, Michael Zager, wakachukua wimbo wa zamani wa kundi la The Four Seasons, “Working My Way Back to You”, wakaushona pamoja na wimbo mpya, wakaupa mdundo wa disko. Mwaka 1980 ulifika namba 2 Marekani na namba 1 Uingereza, ambako walilazimika kuitwa Detroit Spinners kwa kuwa Liverpool kulikuwa na kundi jingine lenye jina la The Spinners. Waongozaji walibadilika: Smith, Cameron, Wynne, Edwards. Waliobaki nyuma hawakubadilika. Ndiyo maana ukisikiliza wimbo wa 1961 na wimbo wa 1980 kwa mfuatano, pamoja na tofauti zote za ala na mitindo, ukuta ule wa sauti nyuma ya mwimbaji ni uleule.

Billy Henderson alifariki mwaka 2007, Pervis Jackson mwaka 2008, Bobbie Smith mwaka 2013. Henry Fambrough, baritoni, mtu wa katikati ambaye wengi mngepita karibu naye bila kumtambua, aliendelea kupanda jukwaani mpaka mwaka 2023. Mwaka huohuo kundi likaingizwa rasmi katika jumba la heshima la muziki wa rock and roll la Marekani, na kati ya waanzilishi wote yeye peke yake ndiye aliyekuwa hai kuupokea wito huo. Alifariki mwezi Februari 2024, akiwa na umri wa miaka 85.

Kijana wangu, uliniuliza lini. Sina tarehe ya kukupa. Ninacho kisa kimoja tu cha kukumalizia, nacho ni cha Fambrough. Mwaka 2023, miezi michache kabla ya kufariki, mzee huyu alikwenda West Grand Boulevard, kwenye nyumba ileile ya Hitsville ambayo sasa ni makumbusho ya Motown. Ilikuwa nyumba ambayo yeye na wenzake waliingia wakiwa waimbaji, wakapewa funguo za magari na maboksi ya santuri za wengine. Safari hii alikuja na zawadi ya kundi lake kwa makumbusho: mavazi yao ya jukwaani, zaidi ya 300, suti za rangi zote zilizoshonwa seti kwa seti, kila moja sawa na ya mwenzake, ya aliyeongoza na ya waliomwitikia. Wenye nyumba wakazipokea ili wazitunze.